Mvinyo mzuri kwa bei ya haki: mwongozo kamili wa kuonja, kusoma lebo na kufuata habari za mashamba ya mizabibu

Tarehe 24 Mei 1976, jijini Paris, waonjaji wa Kifaransa walipewa glasi bila kuambiwa ndani yake mna nini. Mwingereza Steven Spurrier, muuza mvinyo, alikuwa amechanganya majina makubwa ya Ufaransa na mivinyo ya California ambayo wakati huo haikumshughulisha mtu. Alama zilipojumlishwa, upande wa mwekundu aliongoza Stag's Leap Wine Cellars na upande wa mweupe Chateau Montelena. Wote wawili ni wa bonde la Napa, California, na mvinyo wao ulikuwa wa mavuno ya 1973.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa Marekani. Mnunuzi anakisoma kwa jicho jingine: siku ile Napa ilikuwa rahisi kwa sababu haikuwa na jina, na leo ina jina, kwa hiyo si rahisi tena. Bei hufuata jina, na jina hufika kwa kuchelewa. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kununua kabla jina halijafika, au pembeni ya pale lilipokwisha kufika.

Hatua ya 1: Jua fedha yako inalipia nini

Chupa, kizibo, lebo, katoni na usafirishaji vinagharimu karibu sawa, uwe umejaza mvinyo hafifu au wa kifahari. Ushuru nao, katika nchi zinazotoza kwa ujazo, haubadiliki. Tuseme chupa inauzwa 10, na 6 kati ya hizo zimeliwa na gharama hizo. Mvinyo wenyewe, pamoja na faida ya kila aliyeushika, umebakiwa na 4. Ukipanda hadi 14, unaobaki ni 8. Umeongeza chini ya nusu ya bei na kilicho ndani kimepata fungu maradufu. Ndiyo maana chupa ya bei ya chini kabisa rafuni mara nyingi ndiyo inayokupunja zaidi, na hatua moja au mbili juu yake ndipo fedha inapofanya kazi kubwa.

Ngazi hiyo haiendelei milele. Huko juu unaanza kulipia bei ya ardhi, uhaba na sifa. Mapipa mapya ya mwaloni ni ghali kweli, kuchuma kwa mkono kwenye miteremko mikali ni ghali kweli, lakini havielezi kwa nini chupa moja iuzwe mara ishirini ya nyingine. Kuhusu chupa nzito yenye kitako kirefu, usiitilie maanani. Chupa ya gramu 400 inahifadhi mvinyo sawasawa na ya gramu 900, na uzito wa ziada umeulipia wewe.

Hatua ya 2: Fundisha ulimi mambo manne

Watu huanza na harufu za matunda na maua, wakakata tamaa kwa sababu hawazisikii. Anza na mdomo, maana hapo hakuna ushairi.

Uchachu: meza au tema, kisha angalia mate. Yakijaa pembeni mwa ulimi haraka, uchachu ni mwingi. Mvinyo usio na uchachu wa kutosha huwa umelala, hauna uhai, hata uwe na matunda kiasi gani.

Ukakasi: huu unatokana na tanini za maganda, mbegu na mapipa, na ni jambo la mivinyo mekundu hasa. Utausikia kwenye fizi na ndani ya mashavu, kama ulimi umekauka. Kunywa chai ya rangi iliyoachwa na majani yake kwa dakika kumi, bila sukari, na utautambua mara moja. Swali la msingi ni aina ya ukakasi: je, unakwaruza, au ni laini kama unga?

Utamu: ncha ya ulimi inakuambia, ila uchachu huuficha. Riesling, zabibu nyeupe, ya Mosel nchini Ujerumani, daraja la Kabinett, inaweza kuwa na sukari ya kutosha na bado ukaapa kwamba ni kavu.

Joto la kileo: vuta pumzi kwa mdomo baada ya kumeza. Koo likiwaka, kileo kimezidi mvinyo uliokibeba.

Baada ya hayo manne, hesabu sekunde ladha inazokaa baada ya kumeza. Mvinyo unaopotea kabla hujafika tatu si wa kulipiwa bei kubwa. Ukibaki hadi kumi na ladha ikiwa bado ya kupendeza, andika jina lake. Kipimo hiki kina uaminifu kuliko maelezo yote ya nyuma ya chupa.

Hatua ya 3: Onja lebo zikiwa zimefichwa

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo wanaoipuuza wengi. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanyika Bordeaux, Ufaransa, ambapo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao ni watu wanaosomea kazi hiyo. Kama rangi peke yake inaweza kumpoteza mtaalamu wa kesho, fikiria lebo yenye picha ya kasri na bei iliyobandikwa vinafanya nini kwako.

Chupa ya kawaida ni mililita 750, yaani vipimo 15 vya mililita 50. Watu sita wanaweza kuonja chupa nne kwa starehe na kubakiwa na za mezani. Chagua mada moja tu: zabibu ileile kutoka nchi tofauti, au jina kubwa moja na majirani zake watatu. Ukichanganya kila kitu hutajifunza kitu.

Mtu mmoja afungue chupa zote, aondoe vizibo na karatasi za shingoni (zinasema mengi), azivike mifuko ya karatasi na kuzipa namba. Bora zaidi, mtu wa pili azipange upya bila wa kwanza kuona, ili hata mwenyeji asijue. Joto liwe sawa kwa zote. Mivinyo yenye mapovu iwe nyuzi 6 hadi 10 za Selsiasi, mieupe 8 hadi 12, mekundu myepesi 12 hadi 14, na mekundu mizito 15 hadi 18. Mwekundu uliopashwa na hewa ya chumba chenye joto hunuka kileo na kuonekana mzito kuliko ulivyo, kwa hiyo dakika ishirini za friji haziudhuru.

Glasi zisitofautiane. Shirika la viwango la ISO liliweka mwaka 1977 kipimo cha glasi ya kuonjea, ndogo ya takriban mililita 215 yenye mdomo uliobana, lakini glasi yoyote inayobana juu inafaa. Weka ndoo ya kutemea na uitumie. Kutema si maringo. Kufikia chupa ya nne mtu asiyetema hapimi tena mvinyo, anapima furaha yake. Maji na mkate mkavu vitoshe kwa chakula, kwani jibini hulainisha ukakasi na kuusafishia jina mvinyo mbovu.

Kanuni moja isivunjwe: kimya hadi kila mtu awe ameandika. Neno moja la mwenye sauti kubwa mezani huambukiza kila ulimi. Baada ya hapo panga kutoka uliopendwa zaidi hadi uliopendwa kidogo, kila mmoja akadirie bei, ndipo mifuko ivuliwe. Mshangao hautakosekana.

Ukitaka kujipima kwa ukali zaidi, mimina glasi tatu, mbili za mvinyo mmoja na ya tatu wa mvinyo mwingine, kisha jaribu kuitambua iliyo peke yake. Ukishindwa mara kwa mara kutofautisha chupa ya bei nafuu na ya ghali, huna sababu ya kuendelea kulipia ya ghali.

Chupa mbovu isikuharibie hesabu. Harufu ya katoni iliyolowa au chumba chenye ukungu ni ugonjwa wa kizibo, unaoletwa na kemikali iitwayo TCA. Haudhuru mwili ila unaua matunda yote, na muuzaji mwadilifu hubadilisha chupa hiyo. Harufu ya siki ni kasoro nyingine, na mvinyo mchanga wenye rangi ya kahawia umeingiwa na hewa. Kizibo cha kuzungusha hupunguza sana tatizo la kwanza, na si alama ya unyonge. Wazalishaji wa Riesling wa Clare Valley, Australia, walikikumbatia mwaka 2000 wakijua wanachofanya.

Hatua ya 4: Hamia kwa jirani wa jina kubwa

Kila jina kubwa lina mpaka, na ng'ambo ya mpaka kuna mtu mwenye zabibu zilezile, au zinazokaribiana nazo, asiye na sifa ya kuuzia. Hapo ndipo pa kutafuta.

Champagne inachachuka mara ya pili ndani ya chupa. Njia hiyohiyo inatumika kwa mivinyo iitwayo Crémant, kutoka Loire, Alsace, Burgundy na Limoux, na kwa Cava ya Hispania. Champagne isiyo ya mwaka maalumu hukaa kiwandani angalau miezi 15 kabla ya kuuzwa. Crémant na Cava ya kawaida hukaa juu ya mashapo ya chachu angalau miezi 9. Tofauti ipo, lakini tofauti ya bei ni kubwa kuliko tofauti ya mdomoni.

Sancerre, mweupe wa Loire nchini Ufaransa, ikikushinda bei, Menetou-Salon wamepakana nayo na wanalima zabibu ileile ya Sauvignon Blanc. Touraine ni rahisi zaidi, myepesi zaidi. Kwa Chardonnay, zabibu nyeupe ya Burgundy, shuka kusini hadi Mâcon. Kwa Châteauneuf-du-Pape, jina kubwa la Rhône ya kusini, tazama vijiji jirani. Cairanne walipandishwa daraja mwaka 2016 tu, na jina lao bado halijawa zito. Gigondas ningeikumbuka kwa jambo hilihili zamani, ila sasa bei yake imeshafuata jina.

Italia inakurahisishia kwa sababu mzalishaji yuleyule hutoa ngazi mbili. Anayetengeneza Brunello di Montalcino lazima asubiri hadi Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno ndipo auze, kwa hiyo hutoa Rosso di Montalcino, wa zabibu ileile ya Sangiovese, kwa ajili ya kunywewa mapema. Wa Barolo, jina jingine kubwa, hutoa Langhe Nebbiolo na Barbera za bei ya chini. Tafuta mzalishaji anayeheshimika, kisha nunua chupa yake ya chini. Hawezi kuweka jina lake kwenye takataka.

Ufaransa nao wana kitu kinachofanana, "mvinyo wa pili", yaani chupa ya chini ya ile kuu, wa kasri kubwa (mashamba maarufu) za Bordeaux, na hapa naonya. Carruades de Lafite na Pavillon Rouge, mivinyo ya pili ya Lafite na Margaux, zimekwisha kuwa majina makubwa zenyewe. Mtu anayekuuzia mvinyo wa pili wa kasri maarufu kama bei ya kuokota anakuuzia kivuli kwa bei ya mti.

Beaujolais ya Ufaransa imedhulumiwa na umaarufu wa mvinyo wake mchanga unaotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba. Nyuma yake kuna maeneo kumi yenye daraja la juu, kama Morgon, Fleurie na Moulin-à-Vent, yanayotoa Gamay, zabibu nyekundu, yenye kina. Mwenye hamu ya mwekundu myepesi wenye manukato, na asiye na fedha za Burgundy, aanzie hapa.

Halafu kuna mivinyo inayokaa rahisi kwa sababu hailingani na mtindo wa sasa, au haitamkiki. Ureno ina zaidi ya aina 250 za zabibu za asili, na mnunuzi asiyeijua Touriga Nacional anapita. Wewe usipite: maeneo ya Dão na Alentejo ni hazina. Chenin Blanc, zabibu nyeupe, ya Afrika Kusini ni nyingi kuliko ya nchi nyingine yoyote, na sehemu yake inatoka kwenye mizabibu mizee yenye mazao machache na ladha nzito. Sherry kavu ya Jerez, Hispania (Fino, Manzanilla, Oloroso) inakomazwa kwa miaka katika mapipa yanayochanganywa hatua kwa hatua, na bado inauzwa kwa bei isiyolipa hata subira hiyo. Kwangu, hakuna mvinyo duniani unaokupa kazi nyingi kwa fedha kidogo kama Sherry. Wengi wanadhani yote ni tamu, na wakiendelea kudhani hivyo bei itabaki palepale.

Rioja ya Hispania inastahili aya yake. Sheria inataka mwekundu wa Crianza uwe na miaka miwili kabla ya kuuzwa, angalau mmoja katika pipa. Reserva ni mitatu, mmoja katika pipa. Gran Reserva ni mitano, miwili ikiwa ya pipa. Maana yake mwenye kiwanda amekuhifadhia mvinyo bila wewe kuwa na ghala, na Reserva nyingi huuzwa karibu na bei ambayo kwingine ungelipia mvinyo wa mwaka juzi.

Hatua ya 5: Soma lebo kwa shaka

Neno Reserva lina sheria nyuma yake Rioja, lakini Reserve nchini Marekani halina maana yoyote kisheria. Vivyo hivyo "mizabibu mizee" kwa Kifaransa: hakuna umri uliowekwa. Afrika Kusini ndiko kuna muhuri wa Certified Heritage Vineyards, unaotaka mizabibu iwe na miaka 35 au zaidi na unaoonyesha mwaka wa kupandwa.

Jina la zabibu pia si asilimia mia. Umoja wa Ulaya unataka angalau 85, Marekani kwa kawaida 75, kwa hiyo "Cabernet Sauvignon" ya California inaweza kuwa na robo ya kitu kingine. Si kosa, huenda robo hiyo ndiyo inayoiokoa. Tangu tarehe 8 Desemba 2023, mivinyo mipya ya Umoja wa Ulaya inatakiwa kueleza viambato na virutubisho, mara nyingi kupitia msimbo wa QR. Ukitaka kujua kama kileo au sukari imekuzidia, uskani.

Kwa mwaka wa mavuno: mweupe wa bei nafuu na wa rangi ya waridi nunua mchanga kadiri uwezavyo. Punguzo kubwa la bei kwenye mweupe mwepesi wa miaka minne ni muuzaji anayesafisha rafu.

Hatua ya 6: Fuata habari, kisha jiulize nani ana mzigo wa ziada

Habari za mashamba ya mizabibu ni za hali ya hewa na biashara, na zote zinaishia kwenye bei. Mizabibu ya kaskazini ya dunia huvunwa takriban Agosti hadi Oktoba, ya kusini Februari hadi Aprili, kwa hiyo habari hazikauki.

Jalidi ya Aprili 2021 iliunguza machipukizi sehemu nyingi za Ufaransa, na Chardonnay ya Burgundy ikaumia sana. Aliyesoma habari hiyo alijua kwamba miaka miwili ijayo Chablis, Chardonnay ya Burgundy, itapanda, akanunua mapema au akahamia kwingine. Moto wa Napa mwaka 2020 ulifukiza zabibu kwa moshi, na baadhi ya wazalishaji hawakutoa kabisa mwekundu wa mwaka huo. Ukikuta mwekundu wa Napa wa 2020 umeshushwa bei, omba kuonja kwanza. Harufu ya majivu haitoki kwa kuusubirisha.

Habari zenye faida zaidi ni za wingi. Machi 2021 China ilithibitisha ushuru uliopita asilimia 200 kwa baadhi ya mvinyo wa Australia. Soko likafunga, matangi ya mwekundu yakajaa, na Shiraz nzuri, mwekundu wa huko, ikatafuta wanunuzi kwingineko hadi ushuru ulipoondolewa Machi 2024. Bordeaux ya kawaida nayo ina mzigo: mwaka 2023 serikali ya Ufaransa ilitenga euro milioni 200 kugeuza mvinyo wa ziada kuwa alkoholi ya viwandani, na huko Bordeaux maelfu ya hekta za mizabibu yaliwekwa kwenye mpango wa kung'olewa. Kwa wakulima ni msiba. Kwa mnunuzi ni ishara kwamba Bordeaux nyekundu zisizo za kasri maarufu hazijawahi kuwa na nafasi nzuri hivi ya kuonjwa kwa bei ndogo. Shirika la kimataifa la mvinyo, OIV, lilikadiria unywaji wa dunia mwaka 2023 kuwa wa chini zaidi tangu 1996, kwa hiyo msukumo huo si wa msimu mmoja.

Habari ya kupuuza ni "mavuno ya karne". Hutangazwa mara nyingi mno kwa karne iliyo moja. Husambaa hasa majira ya kuchipua, Bordeaux wanapouza mvinyo ungali kwenye mapipa, nawe ukisubiri takriban miaka miwili kuupokea. Kwa anayetafuta nafuu, mlango huo haumhusu. Mwaka "dhaifu" wa mzalishaji hodari ndio wenye punguzo.

Hatua ya 7: Alama na medali

Mizani ya alama 100 ilienezwa na Robert Parker kuanzia 1978, na kwa kweli inaanzia 50. Inafaa ikiwa unamjua mwonjaji na ladha yake inakaribia yako. Medali ni dhaifu zaidi. Robert Hodgson alichunguza majaji wa maonyesho ya California kwa kuwapa mvinyo uleule mara tatu bila wao kujua, na matokeo aliyochapisha mwaka 2008 yalionyesha kuwa ni takriban mmoja kati ya kumi tu aliyerudia uamuzi wake ndani ya daraja moja la medali.

Angalia pia alama imetolewa kwa mavuno ya mwaka gani. Kibandiko cha 94 rafuni kinaweza kuwa cha 2019 huku chupa ni ya 2022. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: mvinyo mdogo uliopata alama kubwa mara nyingi mwaka unaofuata huongezwa chupa, huongezwa bei, na matunda yakipungua hakuna anayetangaza.

Hatua ya 8: Ukienda mashambani au kwenye maonyesho

Weka miadi mapema, nenda katikati ya wiki, na usipange viwanda zaidi ya vitatu kwa siku. Usijipake manukato. Awepo dereva asiyeonja. Uliza kama ada ya kuonja hurudishwa ukinunua, na kabla ya kujiunga na klabu ya kiwanda soma masharti ya kujitoa.

Swali linalofungua milango si "upi bora?" bali "nyinyi wenyewe mnakunywa upi siku za kawaida?" Jibu ni nadra kuwa chupa ya juu. Uliza pia kama kuna kitu kinachouzwa hapohapo tu, maana viwanda hujaribu zabibu ngeni kwa kiasi kidogo na bei za majaribio hayo huwa za kiungwana.

Kwenye maonyesho makubwa fika mlango unapofunguliwa, anza na yenye mapovu, kisha mieupe, mekundu, mitamu mwisho. Ruka meza zenye msongamano. Andika maneno matatu na bei kwa kila mvinyo, na usinunue katoni papo hapo. Mandhari nzuri na mwenyeji mcheshi huongeza alama ambazo hazitasafiri nawe hadi nyumbani.

Hatua ya 9: Nunua moja, onja, kisha rudi

Chukua chupa moja, inywe kwa chakula siku ya kawaida, na ikiwa imeisha bila mtu kulazimishwa, rudi uchukue sita au kumi na mbili. Wauzaji wengi hupunguza bei kwa katoni. Muuzaji anayekuuliza umependa nini mara ya mwisho ana thamani kuliko duka lenye rafu ndefu. Mweleze kwa maneno ya hatua ya pili, "uchachu mwingi, ukakasi kidogo, usizidi bei hii", na umtajie bei bila haya.

Weka chupa mbali na mwanga na joto, zenye kizibo cha gome zikiwa zimelazwa. Sehemu kubwa ya mivinyo inayouzwa duniani haifaidiki na kuwekwa miaka mingi, kwa hiyo usijenge ghala kwa mvinyo wa kila siku. Iliyofunguliwa irudishie kizibo na uitie kwenye friji, hata kama ni nyekundu. Itakaa vizuri siku mbili hadi tatu, Fino takriban wiki, na Oloroso wiki kadhaa.